Nakala Mama Haiguswi

Dada yangu hajui kugombana. Ugomvi wote wa kwetu nilipewa mimi, yeye akapewa subira, na ndiyo maana habari hii naisimulia mimi.

Tulifanya kazi ofisi moja, ofisi ya maji. Mimi nilikaa mapokezi, kazi yangu kutukanwa na watu ambao mabomba yao yamekauka. Dada alikuwa chumba cha barua na wenzake watano. Zamani kila karani pale aliandika kivyake. Mteja mmoja aliweza kupata barua mbili kwa siku moja, hii inamsihi, ile inamtisha. Dada akakaa miezi mitatu akatunga barua arobaini na moja, ya kukata maji, ya kuomba radhi, ya likizo, ya kuomba cheo, zote zimeachwa nafasi za kujaza jina, tarehe na sababu. Akaziweka pamoja kwenye kompyuta, akaziita nakala mama. Watu nao wakamwita yeye Mama Nakala.

Sheria ilikuwa moja, imebandikwa ukutani: "Nakili kwanza, ndipo ujaze." Nakala mama haiguswi. Ikiharibika, wa kuirekebisha ni mkuu wa chumba peke yake. Mkuu alipostaafu, dada akawa kaimu, na mwaka mzima kila mtu alijua kwamba cheo ni chake, imebaki saini tu.

Meza yake ilipakana na ya Chiriku. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mdomo. Yule mama angeweza kuongea na ukuta mpaka ukuta ukaomba ruhusa utoke. Yeye na dada walikuwa chanda na pete. Kazi Chiriku aliijua, ila ile sheria moja ilimshinda. Anafungua nakala mama, anajaza humo humo, anahifadhi, huyo anaondoka. Kesho yake karani mwingine anafungua barua ya kukata maji, anakuta jina la mteja wa jana.

"Dada jamani, nimerudia tena," Chiriku anacheka. "Usinichome kwa wakubwa."

Dada anasafisha kimyakimya. Hakuwahi kumchoma hata siku moja.

Basi, mkurugenzi akatangaza nafasi ya mkuu. Akamwambia dada aandike maombi kwa ajili ya utaratibu tu. Dada akafungua nakala mama ya maombi ya cheo, akaikuta imejazwa. Muda mfupi baadaye nikamwona amesimama mbele ya meza yangu ya mapokezi.

"Njoo unisomee," akasema. "Labda sijaona vizuri."

Nikaenda, nikasoma. Juu palikuwa na jina la Chiriku. Chini, mahali pa sababu, aliandika: "Kaimu wa sasa ana ugonjwa wa jicho la kushoto, anauficha ofisini. Mimi ndiye ninayempeleka hospitali, kwa hiyo nasema ninachokijua."

"Jicho gani?" nikauliza.

Ndipo nilipojua. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nimejua ugonjwa wa dada yangu kwa kuusoma kwenye barua ya mtu! Sijui kipi kiliniuma zaidi, kwamba Chiriku alisema au kwamba Chiriku ndiye aliyeambiwa.

"Twende kwa mkurugenzi sasa hivi," nikasema.

"Tukamwambie nini? Hajaandika uongo."

"Basi ifute!"

Dada akaifunga ile barua bila kugusa neno. "Hii sisafishi," akasema. Akachukua karatasi, akaandika maombi yake kwa mkono.

Wiki mbili baadaye mkurugenzi alimwita, akamwambia afya kwanza, mama, kazi ya mkuu ina kusoma kwingi. Cheo akapewa Chiriku. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikidhani wazee wanajazia mazungumzo tu.

Chiriku alipopanda, nafasi yake ya zamani ikabaki wazi, na wapiga chapa, walio chini ya makarani, wakaanza kuiomba. Asubuhi yake ya kwanza ya ukuu, nilikuwa nimepeleka barua chumbani mle. Mpiga chapa mmoja akafungua nakala mama ya maombi.

"Mkuu, mbona humu kuna maneno?" Akaanza kusoma kwa sauti, bila kujua anasoma nini. Alipofika kwenye jicho la kushoto akakwama. Chumba kizima kikamgeukia dada, kisha kikamgeukia Chiriku.

Chiriku alijaribu kucheka. "Dada jamani, nimerudia tena. Isafishe basi."

"Mimi si kaimu tena, mkuu," dada akasema, taratibu kabisa. "Nakala mama hurekebishwa na mkuu."

Chiriku akakaa kwenye ile kompyuta, akafuta mstari mmoja mmoja, na sote tunasikia kidole chake kwenye kitufe. Mimi nilifurahi, sifichi. Nusura nipige vigelegele. Nikamtazama dada nikitegemea kwamba naye roho imepoa, nikakuta analia.

"Angeniambia tu kwamba anakitaka cheo," aliniambia tukiwa njiani kurudi nyumbani. "Ningemwandikia hayo maombi mwenyewe."

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Wewe ungepiga kelele," akasema. Kweli, ningepiga.

Siku ya kupasuliwa jicho nilimpeleka mimi. Karani wa hospitali akatoa kadi ya zamani ya dada, akaikagua.

"Ndugu wa karibu ni yuleyule?" akauliza, akamsomea jina. Lilikuwa la Chiriku, na mbele yake dada alikuwa ameandika kwa mkono wake: dada yangu.

Dada akaivuta kadi karibu na lile jicho zima, akayasoma tena yale maneno mawili.

"Futa," akamwambia karani.

Karani akakata jina, akauliza aandike nani. Dada akanishika mkono, lakini ilichukua muda kabla hajalitaja jina langu.