Nilijifanya mtabiri kwenye mahafali ya Form Four, wazee wakaniamini

Wakuu, salaam nyingi. Mlio kazini punguzeni mwanga wa simu, bosi asije akauliza mnacheka nini.

Hii stori ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wengine bado napishana nao sokoni.

Juzi nilikuwa kwenye mahafali ya mwanangu. Kikafika kile kipengele cha utabiri: fulani atakuwa rubani, fulani atakuwa mbunge wa kulala bungeni. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikatoka nje kununua maji, maana kipengele hicho kiliwahi kunipa homa.

Turudi nyuma, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Waliokuwepo wanakumbuka. Kariakoo iliyokuwa na foleni ya sabuni ghafla ikajaa redio, viatu vya mtumba, na vijana waliokwenda Dubai wakarudi na miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Mimi nilikuwa naishi na Bibi yangu, Bi Chiku, nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Mchikichi.

Bibi alikuwa anatazamia watu. Anaweka maji kwenye sahani nyeupe yenye maua mekundu, anachoma ubani, anaitazama, halafu anakwambia mambo yako. Na kila akimaliza lazima akupe sharti. Usipite makaburini Ijumaa. Usile pweza mpaka mwezi uandame. Watu walitoka mpaka Buguruni na Magomeni kumfuata.

Akiniita "mume wangu", ujue nyumbani shwari. Akiniita Athumani, natafuta mlango.

Sasa shuleni, kamati ya mahafali ilipotafuta mtabiri wa darasa, nani mwingine wangemchagua? MC alikuwa Jitesh, rafiki yangu wa Mchafukoge ambaye baba yake aliuza vitasa na bawaba. Akaniambia, "Wewe damu unayo, lete na vyombo."

Nikaleta vyombo kweli. Siku ya mahafali niliichomoa ile sahani kabatini, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo.

Nikajifunga taulo kichwani. Nikatazama maji, nikapandisha sauti ya Bibi ile ya puani. Wakuu, nilikuwa mzuri, sifa yangu naichukua mwenyewe.

Jitesh nikamtabiria London, sharti aache mihogo ya kukaanga. (Jitesh yupo Mchafukoge hadi leo na mihogo anakula. Tuendelee.)

Akaja Rukia.

Rukia alikuwa na akili kuliko sisi wote, ila akiona damu anaanguka. Siku tuliyopasua panya kwenye baiolojia, yeye ndiye aliyebebwa. Kitu kingine, alipenda hereni zake ndogo za dhahabu, na mwalimu wa nidhamu alikuwa anamnyang'anya kila wiki.

Kwa hiyo utani wangu ulikuwa mwepesi tu. Nikasema, "Namwona Rukia ni daktari wa kupasua watu." Darasa likaanguka chini kwa kicheko. "Lakini sharti moja. Dhahabu isimguse mpaka amalize masomo yake yote."

Wanafunzi wakapiga meza. Mwalimu wa nidhamu naye akacheka.

Viti vya wazazi ndiko kulikokuwa kimya. Wao hawakujua habari za panya wala za hereni. Walichosikia ni mjukuu wa Bi Chiku, na sahani ya Bi Chiku, akisema binti asiguswe na dhahabu.

Na mimi sikujua kitu kimoja. Rukia alikuwa ameposwa.

Baba yake, Mzee Kondo, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, yupo tu nyumbani Magomeni anasikiliza redio. Kaka yake mkubwa, huyo baba mkubwa wa Rukia, akaleta posa ya kijana mwenye duka la redio na kaseti. Kijana ana pesa, ana gari. Mpango ulikuwa Rukia akimaliza tu mtihani, ndoa. Dhahabu ya bibi harusi ilishanunuliwa.

Siku chache baadaye narudi nyumbani, nakuta jozi mbili za viatu vya wazee mlangoni.

Ndani, Mzee Kondo ameinama. Baba mkubwa amekaa mbele, kofia ya kufuma, fimbo kati ya magoti. Nikasalimia, "Shikamooni." Mmoja tu akaitikia.

"Athumani," Bibi akasema.

Nikajua nimekwisha.

"Ulitumia sahani gani?"

"Ya maua mekundu, Bibi. Lakini tulikuwa tunata..."

"Nimekuuliza sahani, sijakuuliza mlikuwa mnafanya nini."

Baba mkubwa akasogeza fimbo. "Bi mkubwa, sisi tunataka kujua. Yale ni maneno ya watoto, au kuna jambo?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni ya watoto. Neno moja tu nililihitaji, wazee waende zao, mimi nikalale.

Bibi akanitazama. "Nenda kanunue sukari."

"Sukari ipo, Bibi."

"Kanunue nyingine."

Nikatoka, ila sikufika dukani. Nikasimama uani chini ya dirisha. Nikamsikia Bibi akisema taratibu, "Kilichosemwa juu ya sahani yangu mimi sikirudii. Anayetaka kumvisha dhahabu na amvishe, ila mimi nisifuatwe baadaye."

Kisha baba mkubwa akasema, "Basi tusubiri matokeo. Akifeli, hilo la udaktari litakuwa uongo, na ndoa itafungwa wiki hiyo hiyo."

Wakuu, fikirieni. Binti wa watu masomo yake, ndoa yake, maisha yake yote yamening'inia kwenye utani wangu wa panya. Na mimi siwezi kumwambia mtu. Mtihani nilifanya nikimwangalia yeye anavyoandika kuliko nilivyoangalia karatasi yangu.

Kitu kingine kilichonitia hofu: ile sahani ilipotea. Nilipouliza, Bibi akasema imevunjika. Imevunjikaje? "Imevunjika, kula wali wako." Nikaamini nimeivunja mimi kwa kufanyia mzaha mambo makubwa. Nikaanza kulala na taa.

Matokeo yalipobandikwa shuleni, Bibi alinitoa kitandani. "Katazame ya yule binti kwanza, yako baadaye."

Nilikimbia. Rukia alikuwa na division one. Yangu hayatuhusu mimi na nyinyi, nilikwenda kuuza vitenge na namshukuru Mungu.

Nilipomweleza Bibi, alikaa kwenye kirago akafunika uso kwa kanga. Halafu akasema, "Mume wangu, kanunue sukari." Safari hii sukari kweli ilikuwa hakuna, na chai ile tuliinywa na majirani wote wa uani.

Rukia akapangiwa shule ya bweni mikoani, Form Five. Kijana wa redio akaoa kwingine.

Sasa mimi nikabaki na swali, na swali lenyewe lilinisumbua miaka. Bibi aliona kweli kitu? Au mimi ndiye niliyeona bila kujua? Msicheke. Tangu siku ile sikutabiri tena jambo lolote. Vijiweni wakibishana mechi ya watani wa jadi, mimi kimya. Mke wangu alipokuwa mjamzito akaniuliza unadhani ni wa kike au wa kiume, nikatoka nje.

Bibi akafariki bila kunijibu. Nililia sana, na katika kulia kwangu lilikuwemo na hilo.

Miaka ikapita, Rukia akamaliza chuo. Udaktari wapi, amekuwa mhandisi wa maji, na damu bado akiiona anakaa chini. Harusi yake ikafanyika Magomeni, na mchumba kamchagua mwenyewe. Akaniletea kadi kwa mkono wake.

Siku hiyo Mzee Kondo aliniita nikae karibu naye. Nikaona hapa ndipo.

"Shikamoo baba. Hivi kweli uliamini yale maneno yangu?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe na taulo lako? Sikuamini hata kidogo."

"Sasa mbona mlikuja kwa Bibi?"

Akaangalia upande aliokaa kaka yake, mzee sasa, anasinzia. "Yule ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Mdomo wa kumwambia hapana mimi sikuwa nao. Na kazi sina, ningesema nini? Nilikuwa nataka mtu mwingine aseme. Wewe ukasema."

"Na Bibi?"

"Bibi yako nilimfuata asubuhi ile, peke yangu. Nikamwambia, mama, mtoto wako ametania tu. Akaniuliza, wewe baba yake unataka nini? Nikasema nataka asome. Akaniambia, basi mlete kaka yako jioni."

Nikaenda kumpongeza bibi harusi, nikamnong'oneza kwamba ndiyo kwanza leo naambiwa ukweli.

Rukia akanishangaa. "Kwani hukujua? Bibi yako si alikuja stendi siku naondoka kwenda shule? Alinipa sahani yake ya maua mekundu. Akaniambia, hii haijawahi kuona kitu, kalie chakula, usome."

Aliilia chakula miaka miwili bwenini. Anayo mpaka leo.

Kwa hiyo, wakuu, hesabuni wenyewe. Baba alijua, Bibi alijua, binti alijua. Walioamini utabiri ule tulikuwa wawili tu, baba mkubwa na mtabiri mwenyewe.

Nilichojifunza ni kwamba maneno yetu ya mzaha huwa kuna mtu kakaa pembeni anayasubiri, ana shida nayo kuliko sisi tulioyasema. Na kwamba bibi yangu, aliyeishi kwa kuambia watu wanachotaka kusikia, siku moja alimuuliza mtu anataka nini kisha akaihatarisha kazi yake yote apate. Angefeli yule binti, nani angerudi tena Mchikichi kutazamiwa?

Siku hizi natabiri mechi bila woga, na kila wiki nakosea.

Haya, na nyinyi semeni. Siku ya mahafali yenu mlitabiriwa nini, na kiko wapi? Nasoma kamenti zote, nimejimiminia chai.