Baraza Iliyotazama Jangwa

Sijatia mguu katika mji ule hata siku moja, lakini nikiulizwa ulivyokua naweza kueleza kuliko wengi waliozaliwa humo. Niliusikia ukikua. Niliusikia nikiwa jikoni kwangu Walthamstow, London, namenya viazi, redio ya kanda iko juu ya friji, na sauti ya dada yangu inatoka ndani yake.

Tulizaliwa wawili. Baada ya mapinduzi nyumba yetu ya Unguja ilisambaratika, kama zilivyosambaratika nyumba nyingi. Mimi nilifuatana na mume wangu London, ambako nduguye alikuwa ametutafutia chumba na kazi. Dada alibaki, akaolewa, na miaka ya sabini, Omani ilipowafungulia mlango watu wenye asili ya kule, mumewe akamchukua Maskati. Maskati ni jina la kusema tu. Kiwanja walichopewa kilikuwa nje kabisa ya mji, jangwani, kimewekewa mawe manne yaliyopakwa chokaa ili kijulikane kuwa ni kiwanja. "Hapana kitu, mdogo wangu," alisema katika kanda ya kwanza. "Hapana hata mti wa kufungia mbuzi."

Barua hakupenda kuandika. Simu ilikuwa ghali, tuliiweka kwa misiba na sikukuu. Kwa hiyo zilikuja kanda, na zilikuja kwa mkono. Watu wa kule walikuwa wakija London kwa matibabu au masomo, au kutembea tu, wakifikia pande za Edgware Road, kwenye maduka na mikahawa ya Waarabu, nami nikipigiwa simu niende nikachukue amana yangu. Nilipanda treni ya chini ya ardhi tangu kituo cha mwanzo, nikarudi na kopo la halua na kanda iliyofungwa katika leso. Halua ilikwisha upesi. Kanda niliisikiliza mpaka nikaichoka, kisha nikaisikiliza tena.

Dada hakujua kuzungumza na mashine. Alizungumza na mimi. Akianza, "Hujambo, mdogo wangu?" hunyamaza, aningoje nijibu. "Bwana hajambo?" Ananyamaza. "Na mwanetu?" Ananyamaza tena. Kwetu salamu hairukwi, na yeye alitoa nafasi ya kila jibu kama kwamba nimekaa mbele yake. Mwanzoni nilicheka peke yangu. Baadaye nikawa najibu. "Sijambo, dada," naiambia redio, mikono yote maganda ya viazi. Na katika vile vituo alivyoniachia nijibu, ndimo nilimousikia mji.

Mwanzo palikuwa na upepo tu. Upepo, na mlango wa bati unagongagonga mahali fulani.

Lazima nieleze alikuwa amekaa wapi. Shemeji yangu alipojenga, alijenga kama mtu wa Unguja. Alijenga ukuta, akatia mlango mkubwa, na nje ya ukuta, huku na huku ya mlango, akaweka baraza mbili za saruji. Sasa hebu niambie, baraza ya nini? Baraza ni ya wanaume kukaa jioni, watu wapite, wasalimiane, wanywe kahawa, wamsengenye aliyekwisha pita. Kule hapakuwa na njia, seuze wapita njia. Mafundi walidhani anataka mahali pa kuweka matangi ya maji. Watu waliopewa viwanja vya jirani walikuja kutazama, wakacheka. Shemeji alikaa jioni chache akiyatazama mawe, akachoka, akaingia ndani na hasira zake.

Basi dada akaichukua baraza. Baraza ya nyumba yetu ya Unguja sisi tuliijua kwa nyuma ya dirisha. Tulisikia vicheko vya wanaume, tukachungulia visogo vyao, na ole wetu tukikohoa. Mtoto wa kike hakai barazani, na sisi tulikuwa tukiona wivu mpaka tunapanga, tukiwa wakubwa, tutajenga yetu. Dada alipoona kule jangwani hapana wa kumwona, akatoka baada ya alasiri na mkeka wake, akakaa. "Nimekaa barazani, mwaya!" aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeiba sukari kabatini. "Nimekaa na miguu nimeinyoosha. Na ile ya upande wa pili ni yako. Mimi siikalii na simkalishi mtu. Njoo ukae."

Kila kanda iliishia hapo. Njoo ukae.

Baada ya upepo nikaanza kusikia mbuzi, halafu lori la maji, ambalo lilikuja likapiga honi, na dada akakata salamu katikati, akakimbilia mpira wa kujazia tangi. Lori lile lilinitia wivu, maana nilijua kuwa likija watoka watu wote, na pakitoka watu kuna maneno. Halafu jenereta ya jirani, ambayo dada aliilaani katika kanda nzima. Halafu nyundo, nyundo, nyundo. Miaka ile ilikuwa ya nyundo tupu. Nikasikia adhana ya kwanza, ya mtu anayeadhini kwa koo lake tu, kisha ikaingia spika, kisha zikawa adhana tatu zinazofukuzana, na dada akanyamaza mpaka zimalizike zote. Umeme ulipofika jenereta ikafa, akasema haki ya Mungu anazitamani kelele zake.

Na njia ikapatikana. Kwanza ya vumbi, halafu lami. Wakaja wenzetu wengi waliotoka Unguja na Pemba na Mombasa, wakajenga, na dada akinyamaza nikawa nasikia Kiswahili kinapita. Mwanamke anasema, "Bi mkubwa, leo umepika nini?" Dada anamjibu, kisha anarudi kwangu: "Huyo ni mke wa fundi wa magari, mwongo huyo, usimsikilize." Kukawa na duka linalouza unga wa muhogo. Kukawa na watoto wa baiskeli. Baraza iliyochekwa ikawa imepata watu wake, wote wanawake, na mimi nikiwa jikoni Walthamstow nikawa nawajua kwa vicheko.

Nilikuwa mpweke, tena sana. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kutoka kona hadi kona, na unaweza kupita kutwa asitokee mtu wa kukuuliza umeamkaje. Sokoni nilisukumana na watu, barabara nzima ya meza za mboga na vitambaa, nikarudi nyumbani sijazungumza ila kuuliza bei. Jirani yangu tulipungiana mkono kwa miaka. Nadhani alikuwa mtu mwema. Mji wa dada ulianza na mawe manne ukapata watu. Mimi nilianza na mji mkubwa kuliko yote niliyowahi kuiona, na sikupata wa kukaa naye.

Mbona sikwenda? Kwanza karatasi za kusafiria hazikuwa sawa. Zilipokuwa sawa, pale kiwandani nilipokuwa nikishona hawakunipa likizo ya kutosha. Kisha mume wangu akaugua kifua, akauguaugua hadi akafa. Baada ya hapo hapakuwa na la kunizuia, na hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa nitafika nikae, halafu niione baraza yenyewe ni saruji tu. Mwanangu, aliyezaliwa hapa, anakifahamu Kiswahili lakini hukijibu kwa Kiingereza, akanichoka. "Mum, si uende tu? What are you waiting for?" Nikamwambia aache kunifokea. Mwaka ule naye akapata kazi Manchester, akahama.

Dada sikumwambia kuwa kahama. Nami nilikuwa nikimtumia kanda zangu, na aliponiuliza, "Na mwanetu?" nilisema yupo, yuko chumbani kwake juu, anasoma. Sikutaka anihurumie. Kila kanda nikamweka mwanangu chumbani juu, anasoma. Lau angesoma hivyo kweli, angekuwa profesa.

Halafu ikaja ile kanda. Nakumbuka nilikuwa nakunja nguo. "Hujambo, mdogo wangu?" Akanyamaza, na mimi nikafungua kinywa nijibu, nikakifumba. Mji haukuwapo. Hapakuwa na baiskeli, wala mke wa fundi, wala lori. Kulikuwa na mvumo wa kiyoyozi, na nyuma yake, mbali sana, ngurumo moja isiyokatika ya magari, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. "Niko hapa hapa barazani," akasema dada. "Leo kuna upepo mzuri. Yako nimeipangusa. Njoo ukae."

Nikairudisha nyuma. Nikaisikiliza sikio limegusa redio. Mtu hakai nje na kiyoyozi.

Sikumwuliza. Katika kanda yangu nikasema, "Nisalimie watu wa barazani." Naye akanijibu kuwa wamepokea salamu, na akanitungia maneno waliyosema, mazuri kweli, ya kuchekesha. Tukaenda hivyo miaka. Kila nilipofika Edgware Road kuchukua kanda niliwasikia waletaji wakijisifia mji wao: barabara kuu yenye njia nyingi, maduka makubwa ya vioo, maua yanayomwagiliwa kwa mipira kandokando ya lami. Ni mzuri, walisema, siku hizi hutoki nje ila ndani ya gari. Nilichukua leso yangu nikaondoka.

Mwishowe aliyekuja alikuwa dada mwenyewe. Alikuja kutibiwa macho, amefuatana na mwanawe, wakapanga karibu na hospitali. Nilifika nikamkuta kwenye mkahawa wa Waarabu, nje, kwenye viti vya kandokando ya njia, amevaa buibui na miwani nyeusi, bandeji imetokeza upande mmoja. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko sauti yake. Tulikumbatiana tukalia bila aibu, mpaka mhudumu akarudi na chai yake ndani. Mwanawe akatuacha, akaenda madukani.

Dada akapapasa kiti, akapapasa meza, akasikiliza watu wanavyotupita ubavuni. "Loo," akasema, "kumbe huku baraza mnalipia."

Nikacheka. Kisha nikasema kabla sijaogopa: "Dada, ile ilivunjwa lini?"

Hakugeuka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilisikia kiyoyozi."

Alizungusha kikombe chake. Akaniambia njia ilipanuliwa, watu wa manispaa wakaja kwa adabu na magari yao ya manjano, wakachukua baraza zote mbili na kipande cha ukuta. Shemeji alikuwa amekwisha kufa, hakuyaona. Wenzake wa barazani walihamia kwa watoto wao, kwenye majumba mapya mbali zaidi jangwani. Wajukuu zake wanazungumza Kiarabu na Kiingereza. Akitaka Kiswahili huenda chumbani, akafunga mlango, akanirekodia.

"Ungenambia," nikasema.

"N'kwambie nini? Kwamba ile nafasi yako imo chini ya lami? Ungekuja kufuata nini tena?"

"Ningekufuata wewe."

"Mbona hukuja ilipokuwepo?"

Mtu akapita na toroli la mizigo, magurudumu yakapiga kelele juu ya mawe.

"Na mimi nina masikio," dada akasema, taratibu, bila ubaya. "Mwanzo, katika kanda zako, nikisikia bwana wako anakohoa. Nikisikia mtoto anapanda ngazi mbio, na wewe unamkaripia. Kukohoa kukaisha, Mungu amrehemu. Kisha ngazi ikanyamaza. Nikaona, alaa, huyu mtoto anasoma gani, hata kushuka kunywa maji hashuki?"

Nilifunika uso kwa mtandio. Alikuwa ameisikia nyumba yangu ikiisha watu, miaka ile ile niliyousikia mji wake ukijaa, na kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake uongo wake kwa heshima.

"Basi tuanze vizuri," akasema. Akajiweka sawa kitini, mikono mapajani. "Hujambo, mdogo wangu?"

Akanyamaza. Nikavuta pumzi nijibu, na kabla neno halijatoka yeye alikuwa amekwisha endelea: "Mwanetu hajambo?" Akanyamaza kiasi kile kile, kituo cha kanda, nakijua kama ninavyoijua ngazi ya nyumba yangu. "Kazini je?"

Alikuwa hangoji jibu. Hakujua kuwa hangoji. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake hai, sioni pa kulitia neno langu, maana miaka yote nilizoea kuijibu redio, ambayo haikuhitaji kusikia.

Nikauchukua mkono wake juu ya meza. Ulikuwa wa baridi. "Dada," nikamwambia, "uliza tena."

Akashangaa. Akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi nyuma ya kioo cheusi. "Hujambo?" akauliza, na safari hii akanyamaza, akaendelea kunyamaza, watu wakatupita kwa makundi.

"Sijambo," nikasema, kama anavyosema kila mtu. Kisha nikaanza kumwambia nilivyo.