Mkanda wa Kahawia Nilioununua Mwanakwerekwe

Jambo hili nimelificha miezi saba, na ningeendelea kulificha lau si mwalimu mwenzangu mmoja ambaye wiki iliyopita alinivuta pembeni akaniambia anataka kuanza judo, akaniuliza, "Haji, wewe mwenyeji huko, mtu mpya anatakiwa ajue nini?" Nikamwambia kaa kitako, maana jibu lake ni refu na lote ni aibu yangu. Basi na nyinyi kaeni, nikishamaliza mnicheke mkitaka, ingawa siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka arubaini na moja na tumbo ambalo mke wangu Mwajuma hulisalimia kabla yangu. Nilianza kuhema kwenye ngazi za shule, nikenda kupima, daktari akaniambia presha imepanda, nitafute mazoezi nisifanye mchezo. Jirani akanitajia ukumbi mmoja Amani wanakofundisha judo wakubwa na wadogo, nikampigia simu mwenye darasa, wote wanamwita Sensei, akanijibu kwa upole kabisa: "Njoo Jumamosi baada ya alasiri. Fulana na suruali ya mazoezi vinatosha. Mkanda mweupe tutakupa hapa hapa." Naomba mlishike hilo, kwamba niliambiwa, na nilisikia vizuri, na simu haikuwa na mikwaruzo.

Sasa Ijumaa nimekwenda zangu soko la Mwanakwerekwe kununua muhogo na nazi, napita kwenye mitumba (sikuwa na haja ya kupita huko, nilipita tu), nikaona nguo ya judo hasa, nyeupe, nene, imetupwa katikati ya makoti ya baridi ambayo sijui nani huyavaa kwetu. Nikaipima kifuani, ikanienea. Ndani ya suruali umekunjwa mkanda wa rangi ya kahawia, umechakaa kwenye pembe, unaonyesha mwenyewe aliuvaa sana huko ulikotoka. Muuzaji akaniambia, "Chukua na mkanda wake, Mwalimu, vinakwenda pamoja." Nikachukua.

Nyumbani Mwajuma aliifua nguo, akaanika, akaushika ule mkanda akaugeuza geuza. "Mume wangu, hii mikanda ya rangi si mpaka mtu afanye mtihani?" Nikamwambia, "Najua, siuvai, nautia mkobani tu." Na wallahi nia yangu ilikuwa hiyo.

Jumamosi nikafika ukumbini, naambiwa Sensei kavuka kwenda Pemba, amefiwa, na darasa atalishika Othman. Huyu Othman ni mwashi, kijana wa miaka thalathini hivi, mikono migumu kwa saruji, sauti ya chini. Mkanda wake wa kahawia, hatua moja kabla ya mweusi. Hanijui, simjui, na Sensei kwa msiba wake hakukumbuka kumwambia kuna mgeni. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo, nikavaa, na kabla sijatoka nikachungulia mlangoni.

Nani nimemwona mstari wa mbele? Zuhura, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kavaa hijabu yake ya mazoezi na mkanda wa kijani. Zuhura yule yule ambaye Alhamisi nilimsimamisha mbele ya darasa dakika kumi nzima nikimsema kwa kunakili hesabu za mwenzake. "Usijivike akili isiyo yako," nilimwambia, maneno yangu hayo, na niliyaona matamu. Nyuma yake wamo wengine watatu wa shule yetu, na nyuma kabisa watoto wadogo wenye mikanda myeupe, mmoja hata meno ya mbele hana. Mahali pangu mimi ni pale, baada ya huyo asiye na meno.

Nilisimama na mkobani mna mkanda wa kahawia. Nikajiambia leo tu, nisiadhirike mbele ya wanafunzi, Sensei akirudi nitamweleza mambo yakakaa sawa. Nikaufunga kwa kufuatisha video ya kwenye simu, mara tatu ukafunguka, mara ya nne ukashika. Uamuzi wenyewe ndio huo, haukuzidi dakika mbili.

Kutoka nje, Othman kaniona, uso ukamchanua kama mtu aliyepokea mgeni kutoka safari. "Karibu kaka! Unatokea wapi?" Nikasema Dar (nilisoma chuo Dar, kwa hiyo mguu mmoja wa uongo ulikuwa wa kweli). "Ulikuwa ukifanya mazoezi huko?" "Zamani kidogo," nikamwambia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Alhamdulillahi. Mie nna mtihani wa mkanda mweusi baada ya wiki mbili, watahini wanakuja kutoka bara, na hapa sina mtu wa uzito wangu wa kushikana naye. Mwaka jana ulinipita, mama alikuwa mgonjwa. Mungu kakuleta."

Hapo ndipo pa kusema. Kinywa kilikuwa changu na ulimi ulikuwa wangu, lakini Zuhura na wenzake walikuwa wananitazama kwa macho ya kustaajabu, mmoja kanong'ona, "Kumbe Mwalimu Haji ni mkali hivi!", na mimi, mtu mzima, kifua kikanijaa.

Wakapanga mstari kwa mikanda, mkubwa huku mdogo kule, nikajikuta nimeketi bega kwa bega na Othman, watoto wote chini yetu. Zuhura akainuka, akaja taratibu, akainama sikioni pangu kwa adabu. "Mwalimu, koti umelifunga kinyume. Upande wa kushoto ndo unakuwa juu." Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, yule mtoto, na sidhani kama mwenyewe alijua. Nikamjibu, "Sisi Dar tunafunga hivi." Akanitazama kidogo tu, akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi mahali pake.

Wakaanza mazoezi ya kuanguka. Mimi nilidhani judo ni kuangusha watu, kumbe mwanzo wake ni kuanguka, na wanaanguka wote, mwenye kijani na mwenye mweupe, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka pa!, wanainuka, wanaanguka tena, hata yule asiye na meno anaanguka kama anajilaza kitandani kwao. Hilo ndilo somo la mtu mpya, na lilikuwa linasomeshwa mbele ya macho yangu bure. Nikamwambia Othman, "Mgongo unanisumbua leo, hii nitaitazama tu." Akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Kisha akaniita katikati ya ukumbi. Watoto wakakaa pembeni kuangalia, na kwenye mabenchi wazee wao waliokuja kuwachukua. Tukainamiana, akanishika ukosi na mkono wa koti. "Tuanze polepole, kaka? Kwa huo mgongo?" Mlango wa tatu huo, jamani. Nikasema, na nilihakikisha sauti inafika kwenye mabenchi, "Usinionee huruma."

Basi hakunionea. Aligeuka, akaingia chini yangu, miguu yangu ikaacha mkeka, na mimi badala ya kuachia nianguke kama wanavyoanguka watu wenye kujua, nilimkumbatia shingo kwa mikono miwili kama anayezama baharini. Akakosa mizani. Tukaenda wote, yeye chini mimi juu, kilo zangu tisini na kitu zikamshukia begani, na nikasikia. Sitaki kueleza nilisikia nini. Kila aliyekuwa ndani ya ukumbi alisikia.

Othman hakupiga ukelele. Alilala ubavu, kaushika mfupa wa mtulinga kwa mkono wa pili, kafumba macho, midomo inamtetema. Alipoyafumbua akaniuliza polepole, bila hasira, "Kaka, mbona hukuachia?"

"Sikujua," nikasema.

"Hukujua nini?"

Nikatazama pembeni, wote kimya, wazee, watoto, Zuhura kajiziba mdomo. "Sijui kitu," nikamwambia. "Leo ndo siku yangu ya mwanzo. Mkanda huu nimeununua sokoni."

Nilitamani mtu acheke, mmoja tu, ningejua nifanye nini na uso wangu. Nikaanza kuufungua mkanda, na nikishaufungua sijui niuweke wapi, nimesimama nao hapo na koti limeachia, tumbo nje, mbele ya wazazi ambao baadhi yao nimewahi kuwaita shuleni kuwaeleza tabia za watoto wao. Zuhura ndiye aliyekuja. Akauchukua mkononi mwangu, akaukunja vizuri, akauweka juu ya mkoba wangu, akakimbia kwenda kutafuta gari.

Mtulinga ulikuwa umevunjika. Daktari alisema wiki nane bila kunyanyua kitu, na watahini walikuja na wakaondoka, na Othman hakuwamo.

Jumatatu niliingia darasani nimejiandaa kuchekwa, nikamkuta kila mtu hana habari. Zuhura hakumwambia mtu, wala wale wengine watatu (nadhani yeye ndiye aliyewakanya). Siku hiyo nilifundisha nimeupa ubao uso na darasa mgongo karibu kipindi kizima. Walipotoka nikamwita. Nikamwambia, "Yale niliyokusema Alhamisi, nilikuwa nakusema mwenyewe sijijui." Akainamisha kichwa, akaniuliza, "Umekwenda kumtazama Kaka Othman, Mwalimu?" Sikuwa nimekwenda. Niliogopa.

Nikenda siku ile ile. Anakaa Mwanakwerekwe kwa mama yake, hatua chache tu kutoka sokoni pale pale. Nikapiga hodi, akanifungulia mama yake mwenyewe, Bi Salma, mwanamke mwembamba mwenye macho makali.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita. Umekuja kumtazama mgonjwa?"

Othman alikuwa kaegemea mto, mkono kauning'iniza kwa kitambaa shingoni. Aliponiona alinionyesha pa kukaa. Bi Salma akanitilia chai, akaniletea mkate wa kumimina, na huku ananieleza kama anavyoelezwa mtu mwema aliyekuja kwa wema. "Wamekuja wote. Majirani, waashi wenziwe, hata wale watoto anaowafundisha. Huyo aliyemvunja ndo hatujamwona. Sijui mtu gani asokuwa hata na uso."

"Mama, wacha," akasema Othman, anatazama kikombe chake.

Alikuwa ananisitiri. Nimemvunja mfupa, nimemkosesha mtihani wake, na bado ananisitiri mbele ya mama yake, na ningeweza kunywa chai yangu nikaaga nikenda zangu. Nikaweka kikombe chini. "Bi Salma," nikasema, "ndo mie."

Alinitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu misumari ya mlango. Kisha akasema, "Basi kunywa chai, inapoa," akainuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Hapo nililia, sioni haya kuwaambia, nililia na kipande cha mkate mkononi.

Othman aliniacha nimalize. Halafu akaniambia, "Kaka, kuniangukia si kitu, sisi tunaangukiana kila siku. Lakini mie nilikutupa kwa nguvu zangu zote kwa sababu ya ule mkanda. Mkanda si pambo. Ndo unaomwambia mwenzio kiasi gani akutupe. Na lau ungeangukia kichwa, sasa hivi mie ndo nnakuja kwenu kumpa mkono mkeo." Akauweka sawa mto wake. "Rudi ukumbini. Ila uanze kwa kuanguka."

Mwajuma naye nilimweleza yote usiku ule. Hakunisuta. Aliutoa ule mkanda mkobani akauliza afanye nini nao, nikamwambia autie kwenye mtoto wa meza, juu ya hati zangu za ualimu, kila nikifungua niuone. Upo mpaka leo.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Fulana, suruali ya mazoezi, mkanda mweupe alionipa Sensei kwa mkono wake bila kuniuliza lolote, na mahali pangu nyuma kabisa, baada ya asiye na meno (sasa yameanza kuota). Sensei akamwamuru Zuhura anifundishe kuanguka. Kwa hiyo kila Jumamosi mwanafunzi wangu husimama juu ya kichwa changu, mikono kiunoni, ananiambia, "Tena, Mwalimu. Kidevu kifuani." Nami naanguka. "Tena." Naanguka. Nimepungua kilo sita na presha imeshuka, lakini hilo silo analotakiwa kujua mtu mpya.

Yule mwalimu mwenzangu nilimwambia hivi: kabla hujafunga chochote kiunoni, jiulize nani atakiamini. Mimi nimeapa sitojivika tena kitu nisichokipata kwa jasho langu, iwe mkanda, iwe sifa, iwe jibu nisilolijua mbele ya darasa. Siku hizi mwanafunzi akiniuliza hesabu ikanishinda namwambia, "Sijui, kesho nitakujibu," na wala paa halijatuangukia.

Othman bado ana mkanda wa kahawia, anangoja watahini mwakani. Jumamosi iliyopita ndiyo mara yake ya kwanza kushikana na mtu tangu apone. Alisimama katikati, akatazama mstari wote, wenye kijani, wenye manjano, akafika mpaka mwisho, akaniita mimi. Tukainamiana. Akanishika ukosi kwa mkono ule ule uliokuwa shingoni kwa kitambaa.

"Tuanze polepole, kaka?"

"Polepole, Othman," nikamwambia. "Mie mgeni."

Akageuka, akaingia chini yangu, miguu ikaacha mkeka. Nikaachia.