Kamera Isiyoogopa Maji

Florentine alipiga picha kwenye maporomoko ya Tshopo, mjini Kisangani. Jumapili baada ya misa watu walifika pale wamependeza, wakitaka picha yenye maji yanayoruka nyuma yao. Lakini manyunyu yale yalikwisha kumuulia kamera mbili. Ya pili ilizimika katikati ya harusi, bibi arusi akiwa bado anatabasamu. Tangu hapo alipigia mbali, na wateja wakanung'unika.

Wakati huo vita vya mashariki vilikuwa vikiwafukuza watu makwao, na wengi walifika Kisangani. Papa Osée na mkewe Kanyere walitoka Beni, wakafungua meza ya vitenge sokoni. Kabla ya kukimbia, Osée alikuwa mpiga picha. Florentine aliposikia kwamba anauza kamera yake, alimwendea pale mezani.

Ilikuwa kamera ya kidijitali ya zamani, nzito, rangi imebanduka pembeni.

"Papa, hii iko muzee," Florentine alisema.

"Iko muzee, lakini maji haiingie. Angalia." Osée akafungua mlango wa betri, akamwonyesha mpira mwembamba uliouzunguka. "Kila fasi ya kufungua iko hivi. Mvua ya Beni yote imeinyeshea."

"Bon, twende Tshopo, nione kwa macho yangu."

Walikwenda watatu, Kanyere naye akiwamo. Florentine akasogea hadi pale ambapo hakuwa amethubutu kusimama tena. Manyunyu yakamlowesha nguo na nywele, kamera ikachuruzika maji. Akamwambia Osée na Kanyere wasimame karibu karibu, akabonyeza. Kamera ikalia kama kawaida. Akabonyeza tena, na tena, mpaka akaanza kucheka peke yake.

Aliwaonyesha picha moja kwenye kioo cha kamera. Kanyere aliitazama kwa muda mrefu.

"Picha zetu za ndoa zilibakia mu nyumba, zikaungua," alisema taratibu. "Hii ndiyo ya kwanza tangu tukimbie."

"Na tumelowa kama bata," Osée akasema, na mkewe akampiga kofi la begani huku akicheka.

Bei walielewana palepale. Florentine akaichapisha picha ile, akaitia kwenye fremu na kuwapelekea sokoni. Kanyere aliitundika juu ya vitenge, na kila mteja aliyeuliza alisimuliwa kisa chake.

Msimu wa mvua ulipoanza, wapiga picha wengine walijibanza chini ya turubai. Florentine alivua viatu, akaingia kwenye manyunyu na wateja wake.