Upande wa Kanga Uliobaki

Mwaka jana binti yangu wa miaka kumi na minne alipiga marufuku karatasi za zawadi. Krismasi yetu, alisema, haitazalisha taka: hakuna kukata mti, hakuna plastiki, taa iwake chumba chenye mtu tu, na zawadi zifungwe kwa kitambaa. Alinihutubia kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia ila hajibu kwacho. Nikamwambia sawa, mheshimiwa waziri wa mazingira, ilimradi pilau napika mimi.

Siku ya mkesha nilirudi kutoka kazini, ninakohudumia wazee. Ilikuwa saa kumi tu na giza limeshaingia, maana majira haya jua la London halina moyo wa kazi. Nilipofungua mlango wa nyumba yetu ya Thornton Heath, ndani kulikuwa na giza, kimya, na harufu ya mama yangu.

Sisemi harufu iliyofanana na yake. Ilikuwa yake: udi, karafuu, mafuta ya nazi, na jasho lake mwenyewe. Mama alifariki Morogoro miaka mitatu kabla. Doti moja ya kanga zake iligawanywa. Upande mmoja alifunikwa nao, upande wa pili nikapewa mimi. Sikuufua. Niliufunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaufungia sandukuni, na mara moja kwa mwaka nilifungua kidogo, nikavuta pumzi, nikafunga haraka kama mwizi. Kila mwaka harufu ilipungua. Sikuwa na kingine chake.

Sebuleni, kwenye kiti changu, mtu alikuwa ameketi, amejitanda kanga ile mpaka kichwani.

"Shikamoo mama," nilisema. Ndiyo, nilisema, tena nikasubiri kuitikiwa.

Taa ikawaka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Kitini palikuwa na blanketi na mito ya mitumba, zawadi yangu, imefungwa kwa kanga na fundo juu. Hofu ikageuka hasira. Nilimfokea mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwambia amemmwaga bibi yake kama maji machafu. Akalia. Masikini, aliona kitambaa kizuri kimefichwa kwenye plastiki, na plastiki ndiyo adui yake.

Niliona aibu, nikamkumbatia. Bibi yake alimwona mara moja tu, akiwa kichanga cha miezi mitatu, na tangu hapo sikuwa nimemsimulia mengi.

Alipotulia aliniuliza kwa nini nilikuwa nimemwita mchana halafu nikajificha. Nikamwambia mchana nilikuwa kazini. Alinitazama. Alikuwa ndiyo kwanza ameufungua ule mfuko, alisema, akasikia sauti yangu ikimwita kutoka sebuleni. Aliitika, akaja, hakukuta mtu.

"Nilikuitaje?"

Alitamka polepole, kwa Kiswahili, kwa taabu: "Mke mwenzangu."

Hayo maneno sijawahi kumwita, wala siwezi. Ni utani wa bibi kwa mjukuu wa kike, na mama alimtania hivyo siku zile akiwa amempakata.

Mito tumeshaitoa. Kanga imebaki kitini na haina harufu tena. Nikirudi kutoka kazini, kabla sijawasha taa, huwa naamkia.