Majani Mabichi pale Kwenye Kona

Mimi ule msemo wa ajali haina kinga siupendi, na nitaondoka duniani siupendi. Nimeambiwa msibani kwangu mara mbili, na watu wazima wenye akili zao, wameshika vikombe vya chai. Haina kinga! Wakati vifo vilianza pale greda lilipopita, na kila mtu alijionea.

Nianze na hilo greda. Kijiji chetu kiko kwenye barabara ya kutoka Karema kwenda Mpanda, na mwanzoni mwa miaka ya tisini ile ilikuwa barabara ya jina tu. Mashimo, mawe, makorongo. Lori likitoka ziwani na magunia ya dagaa na migebuka mikavu lilitambaa, kiasi kwamba ungeweza kutembea kando yake na sinia lako la karanga, ukawauzia waliokaa juu ya mizigo, ukawauliza habari za ndugu zako wa Karema, ukajibiwa zote, na lori bado halijaimaliza nyumba yako. Watu walilala porini, walisukuma kwenye tope, walitukanana mpaka wakachoka. Lakini hakufa mtu. Sisi hatukujua kwamba ile nayo ni neema. Tuliomba barabara mikutanoni, tukaiombea na kanisani. Greda lilipokuja, mvua zimekatika, wanawake tulilipokea kwa vigelegele, na mama mkwe wangu akampelekea dereva wake jogoo.

Mwaka huohuo mume wangu akafa.

Alikuwa mchuuzi wa samaki, amekaa juu ya magunia kama walivyokaa wenzake. Siku za treni madereva walikimbiza, maana treni ya Tabora ikishakuacha pale Mpanda, utakaa na samaki wako mpaka inzi wawajue kwa majina. Na sasa barabara ilikuwa laini, sababu ya kwenda polepole haipo tena. Chini ya shamba letu barabara inateremka, halafu inakata kona ghafla, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori lile halikukata kona. Nyumba yetu iko jirani, tulisikia mshindo tukakimbia. Mama mkwe alinitangulia, mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, na tulichokikuta pale sitakieleza hapa wala popote.

Mwisho wa mwaka akaja askari wa usalama barabarani kutoka Mpanda. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya tu, na trafiki kufika kwetu lilikuwa jambo. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu zake, na mkutano aliufanyia darasani shule ya msingi kwa sababu alihitaji ubao. Akachora mistari ya kusimama, kila mwaka na mstari wake, kama mahindi yaliyooteshwa kwenye tuta moja. Ile miaka ya mashimo ilikuwa mistari mifupi ya kudumaa. Mstari wa mwaka wa greda ulipanda mpaka karibu na ukingo wa juu wa ubao. Akasema ajali katika wilaya zimeongezeka ukilinganisha na mwaka uliopita, na madereva wapunguze mwendo. Madereva wenyewe hawakuwepo, tulikuwepo sisi wafiwa na wanafunzi. Nilikuwa nautazama ule mstari mrefu najiuliza mume wangu yuko sehemu gani, katikati au juu kwenye ncha. Nilichukia chaki siku ile. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama mkwe, naye akaendelea kupepeta mchele wake.

Mama nilimwita mama kwa sababu mimi wangu alikufa nikiwa mdogo, na kwa sababu huyu aliniambia nikae, hii ni nyumba yangu, hata shemeji zangu wa mbali walipoanza kunong'ona kwamba mjane kijana hakai. Alibaki na mtoto mmoja wa kiume, mdogo wake marehemu. Huyo alikuwa utingo kwenye malori hayohayo, na kila usiku katika rozari mama aliomba kitu kimoja tu, kijana aache magari. Kijana hakuacha. Alipanda cheo, akakabidhiwa usukani.

Sasa hayo majani. Barabara za kwetu lori likiharibika, utingo anashuka na panga, anakata matawi mabichi, anayatandika barabarani mbele na nyuma ili mwenye gari ajue kuna chombo kimesimama. Hata mtoto wa chekechea anajua. Siku moja lori liliharibika pale kwenye kona, likalala hapo, asubuhi likaondoka. Utingo, kama kawaida yao, hakuondoa matawi. Mama alikuwa shambani anapalilia. Akaona lori la kwanza linateremka, likayaona majani, likapunguza mwendo, likapita pale kinyonge huku dereva ametoa kichwa dirishani anatafuta gari bovu. La pili hivyohivyo. Mama akaacha jembe, akakaa kwenye tuta akatazama mpaka jua likawa kali.

Jioni akaniambia, "Hawa hawaogopi kona. Wanaogopa majani."

Kuanzia hapo kila alfajiri alishuka na panga. Matawi ya jana yakinyauka anayatupa, anaweka mabichi, maana jani kavu halimtishi mtu. Mvua inyeshe, asishuke? Alishuka. Malaria imshike, alinituma mimi. Wapo madereva waliosimama wakakagua huku na huku, wakagundua hakuna gari, wakatutukania shambani kwetu. Mama aliwaitikia, "Asante baba, safari njema." Nilicheka mpaka nikaona aibu, kwa kuwa nilikuwa bado na kaniki ya msiba.

Mwaka ule pale konani halikuanguka hata lori moja. Trafiki alipokuja na chaki zake mstari ulikuwa umeshuka, na akatupongeza kwamba elimu aliyotoa mwaka jana imezaa matunda. Elimu! Nilitaka kunyanyua mkono, mama akanivuta kanga. Kwa barabara nyingine sijui, huenda elimu ilifika huko. Kwetu ilikuwa ni panga la bibi mmoja.

Shida ilianza taratibu, kama shida nyingi. Siri ya njia haikai. Madereva waliambizana vijiweni Mpanda kwamba pale kuna majani ya bibi, usihangaike nayo, ni bibi tu aliyefiwa. Walioanza kupunguza mwendo wakaacha kupunguza. Na aliyetangulia kuacha alikuwa shemeji yangu mwenyewe, maana yeye alijua kuliko wote yale majani yanatoka mkononi mwa nani. Akifika kwenye matawi alipiga honi mara mbili, pi pi, akapita.

Mama mwanzoni alinuna. Baadaye, Mungu amsamehe, akaipenda ile honi. Siku za treni alikuwa haweki kitu mdomoni mpaka aisikie. Ugali upo mezani umefunikwa, mboga inapoa, yeye yuko mlangoni amekunja mikono. Ikilia pi pi anasema, "Haya, amepita," ananawa, anakula kwa hamu kama binti. Mimi nilikuwa nasikia kitu kingine. Nilikuwa nasikia injini. Kabla ya honi injini haikushuka, na baada ya honi haikushuka.

Nikamwambia shemeji. Alikuja nyumbani Jumapili, amevaa shati jipya, kaleta samaki, nikamwita pembeni penye kinu. Nikamweleza kwamba mama yake hatandiki majani kwa mapambo, kwamba kaka yake alikufa palepale, na kwamba mazoea yana taabu.

Akacheka, yeye alikuwa mtu wa kucheka. "Shemeji, hii barabara naijua nje ndani. Yale majani ni salamu ya mama, nami naitikia."

Mtu mzima, ana usukani wake.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya treni, mwaka ambao greda lilipita mara ya pili. Mama alishuka alfajiri kama kawaida, akarudi mapema, panga kavu. Akaniambia leo kuna lori limekatika springi palepale baada ya kona, limebeba familia ya wafugaji wanahamia Mpimbwe na vyombo vyao, utingo wao ameshatandika matawi mazuri mengi, kwa hiyo leo wenzake wamemsaidia kazi. Alifurahi kupumzika. Tukapika. Wale watu tukawapelekea maji, wanawake na watoto walikuwa wamekaa kivulini chini ya bodi la lori, wakatushukuru kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Mchana ugali ukawa mezani, mama akawa mlangoni. Ikalia. Pi pi.

"Haya, amepita," akasema, akanawa, akamega tonge la kwanza.

Lile tonge hakulimaliza.

Yule utingo wa lori bovu ndiye aliyetusimulia, amekaa chini barabarani, shati lake liko mkononi. Alisema alilisikia gari linakuja, akakimbia juu kupita matawi yake, akavua shati akampungia dereva asimame.

"Nilimpungia shati," akasema, "naye akanipungia mkono. Alikuwa anacheka."

Alipotokeza konani akawaona watoto. Kwa hilo simlaumu shemeji yangu na sitamlaumu. Kulikuwa na lori na watoto upande mmoja, na korongo upande wa pili, naye akachagua korongo. Hakuna mtoto aliyekwaruzwa. Mwanamke mmoja wa wale wafugaji aliingia korongoni pamoja nasi, akamtoa shemeji kwa mikono yake, akamlaza kwenye nguo yake. Tulipata gari la kumpeleka hospitali lakini njiani mama akaniambia nimwambie dereva asikimbize, hakuna haja tena.

Alikuwa amempakata kichwa. Alisema neno moja tu lingine mpaka tunafika. "Alidhani ni mimi."

Msibani walikuja wengi. Ajali haina kinga, ajali haina kinga. Na nyuma ya nyumba wakasema mengine, kwamba bibi ameua mwanawe kwa majani yake, kwamba majani ya barabarani si ya kuchezea. Huyo aliyesema hivyo nilimkuta anakula pilau yetu. Nilimwondolea sahani mbele ya watu, nikamwambia huyu mama ameokoa waume wa watu mwaka mzima nyie mmelala, nenda kale kwako. Wakasema nina mdomo. Ninao.

Mama hakukata tawi tena. Panga alilifunga kwenye gunia akaliweka darini. Pale konani mabaki ya lori hayakuvutwa, yalibaki korongoni, chuma chekundu kinaonekana kutoka juu, na madereva waliomjua shemeji yangu walipofika pale walishika breki wenyewe, bila jani. Hata wageni, wakikiona kile chuma, walishika breki.

Mwisho wa mwaka uliofuata trafiki akaja. Safari hii mama akasema twende wote. Alivaa kanga yake nzuri, akakaa dawati la mbele na magoti yake yamembana. Yule kijana, ambaye sasa alikuwa ameota kitambi kidogo, akachora mistari yake. Wa greda la kwanza ulipanda. Uliofuata ukashuka. Wa greda la pili ukapanda kuliko yote. Na wa mwaka huu ukawa mfupi, akauzungushia duara, akasema tujipigie makofi. Watu wakapiga. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Mama akasimama. Akaenda mpaka ubaoni, polepole. Akamwomba afande amwonyeshe watoto wake wako wapi.

Yule kijana alimfahamu. Alisita, halafu akamwonyesha kwa heshima, huyu mkubwa yuko hapa, na huyu mdogo yuko hapa. Mama akaweka kiganja kwenye mstari wa kwanza, akakiacha hapo kidogo. Akaweka kwenye wa pili. Kisha akauliza na huu mfupi una nini ndani yake.

Akajibu kwa sauti ya chini, "Huu ndio wa mwaka huu, mama. Ajali zimepungua."

"Zimepungua," mama akaitikia. "Wangu wamekwisha."

Akajifuta chaki kwenye kanga, akanishika mkono, tukatoka.