Maji Yaliyopanda Darajani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili hunisisimka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeajiriwa karibuni katika ofisi ya ramani, na kazi yangu ilikuwa kupita mitaani nikiuliza majina ya mahali na asili zake. Tulikuwa tukikaa Mji Mkongwe, na mtu akiniuliza kwetu wapi, nilitaja huko tu, tena kwa kujivuna.

Nilipofika Mlandege, mtaa wa Ng'ambo, nilimkuta Bi Mwanaidi, mtu mzima sana, yuko barazani anadarizi kofia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Sikukaa. Nilisimama na daftari langu, nikamwambia nimetumwa kuandika asili ya majina ya Darajani na Ng'ambo, lakini mwenyewe naona yamepitwa na wakati. Daraja lenyewe halipo. Na hiyo ng'ambo, ng'ambo ya nini, na pote pakavu? Nikamweleza, Mungu anisamehe, kuwa nshampelekea mkubwa wangu barua ya kupendekeza yabadilishwe, tupate majina mazuri.

Hakunikemea. Aliichomeka sindano kwenye kofia, akasema, "Leo bamvua, bahari inajaa kweli kweli. Njoo saa kumi nikuoneshe kitu."

Alasiri ile akanipeleka Darajani, nyuma ya maduka, ambako mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba mtaro wa kimo cha mtu. Nikachungulia. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, umejaa makombe ya chaza, unanuka pwani. Mara maji yakaanza kuchuruzika ubavuni mwa mtaro, taratibu, yakapanda. Mvua haikunyesha, wala hakuna bomba lililopasuka. Mafundi wakachukua sululu zao wakatoka.

"Onja," akaniambia.

Nikachovya kidole. Chumvi tupu!

Mwanangu, nikainua macho. Juu watu wanauziana nguo na viatu, honi zinalia, na chini yao bahari bado inakuja kwa saa yake, kama haijaambiwa kuwa imefukiwa.

"Hapa palikuwa na mkono wa bahari," akasema Bi Mwanaidi. "Kwetu kulikuwa ng'ambo ya maji, na daraja ndilo lililotuvusha. Waliochoma chokaa na kubeba mawe ya majumba yenu ya Mji Mkongwe, jioni wakirudi kulala huku. Maji yakafukiwa, majina yakabaki." Kisha akanitazama sana. "Tangu ulipokuja barazani nimekujua kwa sura. Bibi yako mzaa mama akija mjini kila asubuhi kufua nguo za watu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Mama yako nimembeba mgongoni mimi. Hakukwambia?"

Mama aliniambia. Mimi ndiye niliyekuwa nikificha.

Nililia pale pale, mbele ya mafundi. Kesho yake nikaenda kwa mkubwa wangu kuiomba ile barua. Alinifokea wenzangu wakisikia, kwamba mimi sijui nitakalo, na alisema kweli. Aliponirudishia nikaichana. Nikafungua daftari nikaandika yote niliyoambiwa, na jina la bibi yangu nikalitia humo.

Basi nakuomba, mwanangu, usilicheke jina la mahali kabla hujakaa na mtu aliyezaliwa hapo. Ukialikwa kukaa, kaa. Na ukiulizwa asili yako, itaje yote, usiruke upande unaouona ni mnyonge, kwani huo ndio uliokulea. Wazee wako wangali hai. Waulize leo, wakiwa bado wanaweza kukujibu.

Mwenyezi Mungu akupe umri wenye kheri na moyo usioona haya kwa watu wake. Na popote utakapojenga, akujaalie watoto watakaopataja kwa furaha.